Kitabu Changu Ambacho Sikukichora

Sura ya nne ya tasnifu yangu ilikuwa imekwisha kurudishwa mara moja. Msimamizi wangu hakufoka. Aliandika tu pembeni kwamba haoni mtoto hata mmoja ndani yake. Maneno hayo yalinitikisa kuliko tusi, na niliyachambua njia nzima kutoka Same mjini hadi shule ile ya mlimani, juu ya Gonja: hakuona mtoto kwa sababu data ni chache, au kwa sababu mimi mwenyewe sikuwaona? Nilipofika nilikuwa na jibu moja. Kila mwanafunzi wa darasa la nne angetengeneza kwenye kishikwambi kitabu chake cha katuni, "Siku Yangu Nyumbani", nami ningechambua sauti ya kila mmoja. Bila vitabu hivyo sikuwa na sura; bila sura sikuwa na shahada.

Vishikwambi vilikuwa vya kuazima, na gari lingekuja kuvichukua Ijumaa. Jumatatu nilifundisha kugawa ukurasa kwa visanduku, kuchora kwa kidole, na kuweka maneno ndani ya viputo. Walielewa haraka kuliko nilivyotarajia. Hilo lilipaswa kunitia shaka.

Jumatano nilifungua vitabu. Katika cha kwanza palikuwa na ng'ombe mwekundu mwenye pembe moja iliyoinamia jicho. Katika cha pili, ng'ombe yuleyule. Alikuwapo hata nyumbani kwa mtoto wa muuguzi, ambako nilijua wanafuga kuku tu. Mfereji ulikata kona ileile katika kila kitabu, akina mama wote walivaa kitenge kimoja, na viputo vyote viliandikwa na mtu mwenye kulipenda mno neno "hatimaye".

Niliuliza nani kamwiga nani. Kiranja, msichana wa dawati la mbele, alisimama.

"Hatujaigana, mwalimu. Tulifanya msaragambo."

Msaragambo, huku Upareni, ni kazi ya pamoja: mbiu ikilia kila nyumba hutoa mtu, mwenye jembe na jembe lake, mwenye sururu na sururu yake, mfereji ukazibuliwa, na asiyetokea akatozwa faini. Walikuwa wameona kazi yangu ni kubwa na siku ni chache, wakaigawana. Msichana wa familia ya wafugaji, aliyehamia kutoka tambarare na ambaye Kiswahili cha kuandika bado kinampiga chenga, alichora ng'ombe wote. Kiranja aliandika viputo vyote. Niliwaeleza kwa kirefu, pengine kirefu mno, kwamba kitabu ni cha mwenye kitabu.

"Kwa hiyo ng'ombe nichore mwenyewe?" aliuliza mtoto wa muuguzi.

"Kama mnao."

"Hatuna."

"Basi usichore."

"Lakini ameshanipa."

Nilitenganisha madawati na kuamuru waanze upya. "Kila mtu peke yake," nilisema, na nikalirudia mara kadhaa. Kisha nikapanda kilima cha nyuma ya shule kutafuta mtandao, ili nimwandikie msimamizi kwamba kazi inaendelea.

Niliporudi, madawati yalikuwa mbalimbali kama nilivyoyaacha. Hakuna aliyesimama, hakuna aliyenong'ona. Vishikwambi tu ndivyo vilivyokuwa safarini, mkono hadi mkono, chini ya madawati. Mwalimu wa darasa, mama mtu mzima niliyemwamkia shikamoo kila asubuhi, alikuwa akisahihisha madaftari kwa utulivu ulionichosha zaidi.

"Mwanangu, hukuwakataza kupitishiana," alisema bila kuinua kichwa. "Umewakataza kukaa pamoja."

Ijumaa gari lilikuja. Nilimtumia msimamizi vitabu kama vilivyokuwa, maana sikuwa na vingine.

Msimamizi alipiga simu wiki iliyofuata. Alikuwa amemfuata ng'ombe kitabu hadi kitabu na alitaka kujua ni mkono wa nani. Nilimweleza yote, kwa hasira niliyojaribu kuipa sura ya kitaaluma. Akaniacha nimalize.

"Na hiki cha mwisho, chenye mwanamke wa miwani?"

Sikuwa nimekiona. Walikitengenezea kwenye kishikwambi changu cha mfano, nacho kikatumwa pamoja na vingine. Nilikifungua kwenye kompyuta huku simu ikiwa sikioni. Mwanamke wa miwani alisimama mbele ya madawati, na kiputo kikasema: "Kila mtu peke yake." Katika kisanduku cha pili alikuwa kilimani, simu juu, akiiomba mbingu mtandao. Katika cha tatu alikuwa nyumbani kwangu, ambako hawajawahi kufika: mfereji na kona yake, mama na kitenge chake, na mlangoni, pembe ikiwa jichoni, yule ng'ombe. Chini waliandika: "Hatimaye mwalimu naye ana ng'ombe."

"Ni cha mtoto gani?" aliuliza msimamizi.

"Ni changu," nilisema. "Lakini sijachora hata mstari."

Nikaanza kuandaa utetezi.

"Basi sura ianzie hapo."

Naiandika kwa mara ya tatu sasa. Majedwali yote niliyajenga juu ya mtoto mmoja, kitabu kimoja, na hakuna hata moja linalofaa. Naiandika peke yangu. Hapa chuoni hatufanyi msaragambo.