Rubani wa Nusu

Modesti wa Kizwite alikuwa rubani wa shirika la umma mpaka shirika lilipogundua, miaka ile ya ruksa, kwamba lina marubani wengi kuliko ndege. Wakapunguzwa. Alirudi Sumbawanga na kofia yake, akalima mahindi msimu mmoja, na mahindi yakathibitisha kwamba yeye ni rubani.

Ndipo Felisiani, mfanyabiashara wa nafaka, aliponunua ndege ya abiria watano. Alimwita Modesti nyumbani, akamtajia nusu ya mshahara wa zamani. Modesti alikubali kabla chai haijapoa.

Haukupita muda Beda, aliyewahi kuruka naye na bado yuko shirikani, akampigia simu ya posta kutoka Dar es Salaam.

"Bwana Modesti, nimeitwa ofisini. Wanasema Sumbawanga kuna mtu anarusha kwa nusu, na mimi nijifikirie. Unamfahamu?"

"Huku kuna ukungu, Beda. Watu hawaonani."

"Basi ukimwona, msalimie. Mwambie tunamshukuru."

Beda aliikataa nusu. Mwaka uliofuata alikuwa anauza matairi.

Kisha, Julai moja, ukungu ulipofunguka asubuhi, kijana alikuwa amesimama kando ya ndege. Hakuna aliyemwona akishuka basi. Koti lake lilikuwa la mtu mnene kuliko yeye, na baridi ilikuwa imemkausha sauti. Jina lake Christopha. Leseni yake bado ilinuka wino. Felisiani alimwagiza Modesti amfundishe njia za huku, na Modesti si mtoto: akishamaliza kufundisha, kazi si yake.

"Umekubali kiasi gani?" alimuuliza.

"Hakuna kiasi, mzee. Narusha bure. Natafuta masaa ya kuruka, nijaze leseni."

"Bure kabisa?"

"Mjini walituambia kuna mtu huku anakubali nusu. Wa nusu wakajaa, mzee. Tukabaki sisi wa bure."

Alisema bila kinyongo, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

Christopha alilala kwenye stoo ya mafuta. Alikula viazi vya jana kwa Marsiana, muuza chai wa uwanjani, na hakugusa kisahani cha chumvi, pengine akidhani kinalipiwa. Ukungu ukitanda alisimama katikati ya uwanja, midomo ikicheza bila sauti, akikariri hatua za kuwasha injini. Ng'ombe wa Wasukuma, ambao hawajawahi kumpisha mtu wala ndege, walimzunguka kwa mbali.

"Shikamoo, Kapteni," alisema Marsiana. "Hivi yule kijana analipwa?"

"Marahaba. Halipwi."

"Halipwi vipi?"

"Hivyo hivyo. Anatafuta masaa."

Marsiana akaweka birika chini. "Kwani ya kwake yamekwenda wapi?"

Katika mji wetu swali la mtu anayefanya kazi bila ujira lina jibu la siku nyingi: msukule. Ni marehemu aliyechukuliwa na mchawi ili amfanyie kazi. Hulishwa pumba, na chumvi hapewi, maana akiionja atakumbuka kwao. Wasomi hatuamini mambo hayo. Tulichofanya ni kuacha kupanda ndege ile.

Siku Modesti alipomkabidhi kijana usukani na kazi, Winifrida, mnunuzi wa dagaa wa Wampembe kule ziwani, ndiye aliyeuliza waziwazi, mguu mmoja ukiwa tayari kwenye ngazi.

"Kapteni, wewe umesoma. Huyu anayeturusha leo, ni mzima?"

Abiria wote wakamgeukia Modesti. Christopha alikuwa ndani, mikono kwenye usukani, anatazama mbele.

"Mimi," alisema Modesti, "sijamwona akila chumvi."

Ilikuwa kweli tupu. Ile kweli nyingine, ya nusu, alibaki nayo. Abiria wakashusha mizigo.

Christopha aliondoka juu ya lori la mahindi. Dereva alikataa akae mbele. Jioni ile Felisiani akamwita Modesti.

"Kijana amenikimbia. Rudi wewe."

"Kwa mshahara wangu?"

"Abiria sina, Modesti. Rusha kwa masharti ya yule, mpaka watu warudi. Hutaki, wa bure wako wengi, nimeshaulizia."

Safari hii chai ilipoa. Halafu Modesti akakubali.

Siku ya safari ukungu ulikuwa haujaondoka. Marsiana alimwekea yai la kuchemsha na kisahani cha chumvi. Abiria waliokaa kwenye benchi wakakigeukia. Habari ya masharti mapya ilikuwa imeshafika Milanzi na kurudi. Modesti alielewa. Alilichovya yai mpaka likawa jeupe mara mbili, akatafuna wakimwona, akameza.

Winifrida alishusha pumzi. "Mzima huyo. Haya jamani, twendeni." Wakaanza kupanda.

Modesti alibaki mezani.

"Marsiana, hii ni chumvi kweli?"

"Ya Uvinza hiyo, Kapteni. Kali. Mbona?"

Alichota nyingine kwa vidole, akaiweka kwenye ulimi, akafumba macho, akasubiri kukumbuka.