Kobe Waliozunguka Mwezi na Mbuzi Asiyekwenda

Mie muongo. Nasema mapema, asije mtu akajifaharisha kwamba kanigundua. Hapa Ibra, kwenye nchi ya Waarabu, nimeendesha gari la maji umri wangu wote wa kazi, na kila mlango niliofika nilishusha maji na hadithi, na hadithi zilikuwa nyingi kuliko maji. Samaki niliyemvua Pemba nilipokuwa kijana alikuwa mkubwa hata kichwa tulikila Rajabu na mkia tukaumaliza Mfunguo Mosi. Watu wanacheka, wananimiminia kahawa, tunaagana kwa heri.

Lakini muongo naye ana sheria zake. Yangu ni moja tu: siweki wallahi juu ya porojo. Mama yangu alinifundisha Unguja, na alinifundisha kwa mwiko wa mbao, kwa hivyo nilielewa upesi. Sema upuuzi wako, aliniambia, lakini jina la Mungu usilifanye chumvi. Basi nikisema wallahi, ni kweli. Nisiposema, shauri yako.

Nilidhani nyumba nzima inajua.

Nna mjukuu wa kike, binti wa mwanangu mkubwa, ana miaka kumi na mmoja. Kila siku baada ya laasiri alikuwa anakuja chumbani kwangu, tunakula tende, mie nakunywa kahawa, nampigia hadithi. Kiswahili chake kimevunjika mguu lakini kinatembea. Siku moja akaingia mbio, hata viatu hajavua.

"Shikamoo babu. Babu, mimi nakwenda Nizwa! Mashindano ya skuli. Nitasema mbele ya watu, hayawani iliyokwenda fadhaa."

Fadhaa ya Kiarabu, yaani anga za mbali: wanyama waliokwenda huko juu. Nikaruka nikamwaga kahawa. Mambo yote duniani, wamempa hilo! Mie nilikuwa mdogo kuliko yeye Warusi waliporusha mbwa wao, na nayakumbuka yote.

Nikamwambia. Habari zilipofika mtaani kwetu Unguja, wazee walibishana barazani mpaka kahawa ikapoa. Mama yangu hakubishana. Alitoka mbio akaanua nguo zote kwenye kamba, akalifunika pipa la maji ya mvua kwa ubao, na juu ya ubao akaweka jiwe. "Mbwa yuko juu ya vichwa vyetu," alisema. "Haja ikimshika huko, itaangukia wapi?" Siku ile tuliosha vyombo mara saba, na moja katika hizo kwa udongo, kama sheria inavyotaka kwa najisi ya mbwa, na hakuna chombo hata kimoja kilichoguswa na mbwa. Mie nikawa napanda darini kila jioni kumtazama anaporudi. Shingo ilirefuka hata wenzangu wakaniita ngamia.

Mtoto alicheka mpaka akakohoa. Halafu akauliza.

"Na ilirudi, ile mbwa?"

Macho yake yameshaanza kulowa. Sasa wewe ungefanyaje?

"Alirudi," nikasema. "Akachukuliwa na bibi mmoja wa Kirusi, akawa anakunywa maziwa mpaka akanenepa, hapiti tena mlangoni."

Sikusema wallahi.

Tukaendelea. Nikampa nzi, maana nzi walitangulia. Nikampa sokwe wa Wamarekani aliyekamatwa misitu ya Afrika, akafundishwa kuvuta vishikio na kulipwa ndizi. Nikampa paka wa Wafaransa, na buibui waliofuma utando huko kusikokuwa na juu wala chini. Mara ya kwanza walifuma kama walevi, kisha wakajua. Na mwisho nikampa kito changu, nilichokuwa nimekisikia redioni zamani nikaja kukiona kwenye televisheni: kobe wawili wa Warusi. Walikwenda mpaka mwezini, wakauzunguka, wakarudi hai, na hakuna binadamu aliyekuwa ameshafika huko. Kobe! Yule anayeshindwa na kila mtu njiani aliwapita watu wote.

"Wallahi," nikamwambia. "Wallahi l-adhim."

Akaandika. Basi ningelinyamaza hapo. Lakini ulimi wangu ni kama mbuzi, ukiona mwanya unapita. Nikasema: na mbuzi wa Jabal Akhdar je? Wamarekani walikuja soko la Ijumaa la Nizwa, wakawatazama mbuzi wote wanaozungushwa pale, wakachagua jike mmoja wa mlimani, kwa kuwa wale wamezoea hewa nyepesi ya juu. Akapaa, akarudi, maziwa hayakukatika.

Wallahi haikuwepo hapo. Mtu yeyote mwenye masikio angeisikia kutokuwepo kwake.

Usiku, wakati wa kula, tumekaa kwenye sinia, mtoto akamsomea baba yake alichoandika. Mwanangu muhandisi. Nimemsomesha kwa hili gari la maji, tone kwa tone. Simu iko mkononi mwake, simu inayojua kila kitu chini ya jua na juu yake. Mtoto alipofika kwenye kobe, baba yake akaweka tonge chini akacheka.

"Kobe? Kuzunguka mwezi? Ondoa hiyo, mama. Huyo ndiye babu yako."

"Wallahi kweli," nikasema.

"Baba, hapa kila mtu anasema wallahi. Hata muuza nyanya anasema wallahi."

"Angalia simu basi!"

"Simu sina haja nayo kwa mambo ya kobe." Halafu akasomewa mbuzi, akaitikia kwa kichwa polepole kama kadhi. "Hii inaingia akilini. Mbuzi wa mlimani, hewa nyepesi. Ahsante baba, hii nzuri. Hii iache."

Nilifungua mdomo niseme mbuzi huyo ni porojo, nikatia tonge la wali. Maana ilikuwa mara ya kwanza tangu awe na ndevu mwanangu kunisifu kwa neno lolote. Nikameza wali, nikameza na mbuzi.

Tukaenda Nizwa, njia ya Izki, mie nyuma na kanzu mpya. Ukumbi umejaa. Mtoto akapanda, mdogo kama tende ya mwisho kwenye sahani, akazungumza Kiarabu kinachotiririka kama maji ya falaji, mifereji yetu ya mashambani. Mbwa, kupaa kwake tu, safi. Sokwe, safi. Paka, buibui. Nikawa nangojea kobe nikijua hawaji, kama nilivyomngojea yule mbwa darini. Hawakuja. Akaja mbuzi.

Ukumbi ulilipuka! Mbuzi wao, wa mlima wao, kutoka soko lao! Walipiga makofi mpaka kilemba cha mzee mmoja kikaanguka. Nami, Mungu anisamehe, kwa muda wa kupepesa jicho nilifurahi.

Kisha mwalimu mmoja kati ya waamuzi, mama mwenye miwani na sauti ya upole, akauliza: "Habari za huyu mbuzi umezisoma wapi, binti yangu?"

Mtoto hakusita. Alinyoosha kidole mpaka nyuma kabisa, pale nilipokaa.

"Babu yangu."

Walicheka watu wote. Hakuna aliyetukana, hakuna aliyefanya ubaya, walicheka tu. Hata mie watu wamenicheka maisha yangu yote na nimenenepa kwa hayo. Lakini yeye hakuwa amezoea. Alishuka bila zawadi, bila hata kunitazama.

Njiani tulisimama Birkat al Mauz, nikanunua ndizi, shazi zima. Hakuna aliyekula. Mwanangu anaendesha, midomo kaibana. Nikasema, "Ungeangalia simu." Akasema, "Ungesema kweli." Mpaka tunafika Ibra, ndizi zimeiva nyuma ya gari kwa hasira.

Mtoto hakuja kesho yake. Wala kesho kutwa. Wiki tatu napika kahawa laasiri, nasikia miguu yake inapita mlango wangu kwenda jikoni. Na mie nilikuwa nimekasirika, nisifiche. Nimesema kweli moja kubwa maishani, nimeiwekea na kiapo, wakaitupa jalalani. Nimesema uongo mmoja wa kawaida, wakaupeleka Nizwa kwa kanzu mpya!

Alhamisi moja akasimama mlangoni. Hakuamkia.

"Nimeangalia kobe kwenye simu ya mama. Kweli."

"Si nilikwambia? Nilisema wallahi."

"Sote tunasema wallahi."

"Nyinyi. Si mie." Nikamwambia habari za mwiko wa mama yangu, na kwamba kwa mbuzi sikuapa, na kwamba sijapata kuapia porojo hata siku moja. Akafikiri. Akaingia, akakaa, akavuta sahani ya tende.

"Mbwa ile," akasema. "Kwenye simu mbwa sijaangalia. Ilirudi? Sema wallahi."

Nilimimina kahawa. Kikombe kikajaa, nikaendelea kumimina.

"Babu. Sema wallahi."

"Hakurudi," nikasema. "Alikufa kwa joto, siku ile ile aliyopanda. Na waliompandisha walijua. Chombo cha kwendea walikitengeneza, cha kurudia hawakukitengeneza. Kisha wakakaa miaka wakitwambia hivi na vile, kwamba alilala tu. Wasomi wakubwa. Wallahi."

Mie napanda darini kila jioni, na mbwa ameshakufa siku nyingi. Hata sasa nikikumbuka nataka nimpate mmoja wao, na mwiko wa mama uwe mkononi.

Mtoto alilia. Sikumzuia. Alipomaliza akajifuta kwa mkono wa nguo, akauliza, "Na pipa? Mama yako alifunika kweli?"

"Wallahi alilifunika. Na jiwe juu."

Akacheka na pua inamchuruzika.

Siku hizi anakuja kila laasiri, na biashara yangu imekufa. Hakuna ninachosema kinachopita bila kukaguliwa. Jana alikuwepo mgeni kutoka Sur, nikamwanzia yule samaki wa Pemba. Nimefika kwenye mkia, mtoto akaweka kikombe chini.

"Wallahi?"

Samaki akapungua, akapungua, mpaka akaingia kwenye sahani moja.