Ukuta wa Mviringo wa Saloni Yetu

Mgeni akija Bukavu anatazama ziwa tu. Mimi namwambia: geuka kwanza, ndugu yangu, tazama nyumba! Huku Ibanda kuna nyumba za zamani zisizokuwa na kona kali. Ukuta unafika pembeni, unapinda polepole kama tumbo la chungu, na baraza linaufuata bila kukatika. Kuna vidirisha vya duara, na mistari ya simenti iliyonyooka mpaka leo, baada ya mvua zote hizi na matetemeko yote haya. Eh, mafundi walikuwako!

Watu wanaziita "nyumba za Wabelgiji", na hapo ndipo ninapokasirika. Wabelgiji walichora, sawa. Mawe aliyabeba nani? Babu, baba yake maman, alikuwa anatoka Nyantende kwa miguu kuja kuyapasua na kuyapanga, na nyumba ikiisha hana ruhusa ya kupita mlango wa mbele. Sasa mtu aniambie ni nyumba za nani.

Moja ni yetu. Papa, karani wa ofisi, aliinunua tukiwa wadogo. Siku ya kuhamia, maman aliingia kwa mlango wa mbele, akasimama katikati ya saloni, akapiga vigelegele peke yake mpaka majirani wakaja kuuliza kuna harusi gani. Tangu siku hiyo tumebatiza humo, tumeozesha humo, tumelia misiba humo. Sakafu yake ya vijiwe vilivyosuguliwa haijawahi kupasuka. Mimi naipenda nyumba ile kama mtu, sioni haya kusema.

Saloni yenyewe ndiyo uzuri wote: ukuta wa mbele ni nusu duara nzima, madirisha yanaufuata, na jua la asubuhi linaingia kila upande. Lakini sisi watoto hatukuijua. Kwetu saloni ni ya wageni. Viti vimefunikwa vitambaa vya kufuma, mlango umefungwa, na mtoto akikanyaga humo anatafuta fimbo. Tulikulia jikoni na uani.

Papa alifariki zamani. Mimi naishi na maman, na Krismasi iliyopita kaka yangu mkubwa alikuja kutoka Kinshasa na mchoro mkubwa chini ya kwapa. Alitaka kubomoa, ainue ghorofa la etaji nne za vioo vya buluu, kama zile zinazoota kila mahali mjini.

"Dada, hii nyumba iko muzee," aliniambia. "Tena ni ukoloni. Unalilia nini?"

"Nalilia mawe ya babu yako," nikamjibu. "Vioo vyako tetemeko moja tu, tutaviokota kwa fagio!"

Tulikaa saloni kuzungumza, sisi watoto watatu na maman. Maman alikaa kwenye kiti cha papa, mgongo karibu na ukuta, kule mwisho wa mviringo. Alisikiliza, hakusema ndiyo wala hapana. Nyumba iko kwa jina lake, bila yeye hakuna kitu kinachofanyika. Niliogopa, maana kaka ni kifungua mimba na maman hajawahi kumkatalia kitu.

Nilikwenda jikoni kuleta sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, na bugali. Niliporudi, kaka alikuwa amemvuta mdogo wetu mpaka dirisha la upande wa pili, mbali kabisa, wamegeukia ukuta. Niliinama kumwekea maman sahani. Hapo nikasikia sauti ya kaka sikioni mwangu, wazi, kama amesimama begani:

"Tuache kwanza. Maman iko muzee. Akisha kwenda, tutavunja bila kelele."

Nikamtazama maman. Hakushtuka hata kidogo.

"Mwanangu," alisema, "ule ukuta unabeba maneno. Mutu akisemea pale, mwenye kukaa hapa anasikia yote."

Kaka aligeuka, uso umemshuka. "Maman, unisamehe. Sikujua."

"Hukujua, ndiyo. Hata docteur hakujua. Ile siku alikuvuta pale pale ku dirisha, akakuambia papa yako hatapona, papa alikuwa amekaa mu hiki kiti."

"Alisikia?" kaka akauliza.

"Yote. Mulipotoka aliniambia: usimuambie mutoto kama nimejua. Anajikaza sana juu yangu. Wacha ajikaze."

Hapo nikakumbuka. Miezi yote ile kaka alikuwa anambeba papa mgongoni kumpeleka barazani, anamwambia: "Papa, utapona, tutaenda Walungu kula mbuzi." Na papa anacheka, anamjibu: "Ndiyo, mwanangu, tutaenda. Tena mbuzi nitachagua mimi."

Kaka alivuka saloni, akapiga magoti mbele ya kile kiti, akaweka kichwa kwenye mapaja ya maman, mtu mzima mwenye mvi, akalia kwa sauti. Maman alikuwa anampapasa shingo tu. Kaka alipoweza kusema, hakumtazama yeyote kati yetu.

"Haivunjwi," alisema. "Nikiwa hai mimi, haivunjwi."