Kilasi yangu inapiga kelele kwa mikono

Leo prefe, mukubwa wa shule yetu, amesifu kilasi yangu kwa kunyamaza, na mi nikashindwa kumuangalia mu macho.

Batoto bote balikuwa banaongea. Kwa mikono.

Ngalula, binti asiyesikia, alifika kwetu wakati mugodi ilihamisha batu ba mutaa yabo. Alikuwa anakaa peke yake, alitaka hata kuacha masomo. Njo nikamuomba afundishe benzake ishara.

Sasa leo prefe anaingia.

"Mama Odile, batoto bako banatulia muzuri."

Akatoka. Nikamuuliza Ngalula kwa ishara, polepole, maana batoto bananipita mbali kwa iyo luga: "Balikuwa banasema nini?"

"Prefe amevaa shati kinyume."

Akacheka mpaka akalalia benzake.

Ingekuwa weye, ungemuambia prefe?