Gunia la Nne la Benadetha

Jumamosi ya Januari 25 mwaka huu, saa moja asubuhi. Pantaleo Lohay anafungua mlango wa stoo ya nyumba yake, Nangara mjini Babati, anachuchumaa mbele ya mfuko wa mahindi, anafungua kamba na kuzamisha mkono ndani hadi kwenye kiwiko. Hivyo ndivyo anavyofanya kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni. Lakini leo mkono unashuka kirahisi mno, kama umeingia kwenye unga.

Anautoa. Umejaa vumbi jeupe hadi kwenye vinyweleo. Kati ya vidole zimebaki punje tatu, nyepesi kama maganda, zimetobolewa matundu matundu. Ndani ya mfuko kuna kitu kinatafuna taratibu, bila haraka, kama mtu aliyekaribishwa.

Anafungua mfuko wa pili. Vumbi.

"Nilikaa chini pale pale," anasema. "Sikulia. Msiba wenyewe nilishaulia Oktoba. Machozi ya kulilia mahindi ningeyatoa wapi?"

Pantaleo ana miaka sitini na mmoja. Ni mshona magunia katika soko la Babati, kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na minane. Wakulima wanateremsha mahindi, maharage na mbaazi, vijana wanajaza na kupima, halafu anaitwa yeye. Anashika mdomo wa gunia, anakunja pindo, sindano yake ndefu inaingia upande huu na kutokea upande ule. Mishono kumi na miwili, fundo, anakata uzi. Kinachofuata ni cha wenye gari.

Kwa kila gunia analipwa shilingi mia mbili. Siku za mavuno hushona hata hamsini. Sasa ni Aprili, mvua za masika zinanyesha, wakulima wako mashambani na soko limelala. Akipata magunia kumi kwa siku anashukuru.

"Elfu mbili hiyo," anasema. "Hapo sijanywa hata chai. Halafu unawasha redio, unasikia mkubwa anasema wananchi wahifadhi chakula. Wahifadhi wapi, mfukoni mwa shati?"

Hakuwa na ulimi huu zamani. Wanaomjua wanasema alikuwa mtu wa utani, na kwamba ukali ulimwingia baada ya mkewe, Benadetha, kufariki kwa presha Oktoba mwaka jana. Yeye hakatai. Anasema tu kwamba zamani alikuwa hana sababu ya kuwaza wakubwa wanafanya nini, kwa kuwa nyumbani kwake kulikuwa na serikali inayofanya kazi.

Serikali hiyo makao yake yalikuwa stoo.

Ni chumba kidogo kilichobandikwa ubavuni mwa jiko, hatua tatu kwa mbili. Mtu akimuuliza Pantaleo kilivyokuwa, anafumba macho kwanza. Rafu ya juu, chumvi na viberiti, na majani ya chai kwenye mkebe wa maziwa ya unga. Chini yake miche ya sabuni imepangwa wazi ipate hewa, kwa sababu sabuni ikikauka haiishi haraka. Vitunguu vimening'inia kwa mikia yao. Mlenda na majani ya kunde yaliyokaushwa juani. Dagaa ndani ya ndoo yenye mfuniko, wamechanganywa na pilipili kavu ili wadudu wasiwasogelee. Maharage na mbaazi kwenye madumu ya mafuta ya lita tano, yamejazwa hadi shingoni yakazibwa.

"Ukiingia unasikia harufu ya majivu, kitunguu na sabuni," anasema. "Mpaka leo nikisikia vitu hivyo vitatu pamoja, mahali popote, nasimama."

Pesa ya kununua vitu hivyo kwa mkupuo haikuwahi kuwepo. Benadetha alikuwa na sheria moja: kila siku stoo iingie kitu, hata kama ni kiberiti. Chumvi aliinunua wakati bado anayo, vitunguu aliviwinda vikiwa vingi sokoni mpaka wauzaji wanaviona kero. Na kila alipochota mahindi ya kupeleka mashine, alirudisha ngumi tatu ndani ya ndoo ndogo ya bluu.

"Hizi ni za Februari," alikuwa akisema.

Pantaleo alikuwa akimtania. "Mama Vailet, huyu Februari ni mgeni gani anayekula hivi? Na haji hata na sukari!"

"Akija utamjua," alijibu Benadetha. "Na utakaa kimya."

Februari ikifika, mahindi ya sokoni yamepanda bei na majirani wanazunguka na visado vya kupimia nafaka kuazima. Ndoo ya bluu ndiyo iliyofunguliwa. Pantaleo anakiri kwamba alikaa kimya kila mwaka.

Mwaka juzi watu walikuja na gari jeupe kufundisha namna ya kuhifadhi nafaka. Walitaka mtu mmoja kutoka kila kaya. Benadetha akaenda. Alirudi na mifuko ile yenye tabaka tatu, ya kusuka nje na ya nailoni mbili ndani, ambayo ikifungwa vizuri mdudu hukosa hewa akafa. Alirudi pia na karatasi ya maelezo, akaibandika nyuma ya mlango wa stoo.

Pantaleo alidhani mke wake amemletea kazi. Akachukua sindano.

"Weka chini hiyo!" Benadetha akamwambia. "Sindano yako ibaki sokoni. Ukitoboa mfuko huu umemfungulia dumuzi dirisha."

"Sasa utafungwaje?"

"Kwa kamba. Unapinda, unakunja, unafunga."

"Kama mbuzi!"

"Kama mbuzi. Na mbuzi hawa hawatoki."

Huwa anacheka anaposimulia hapo. Halafu kicheko kinakatika, kwa kuwa kinachofuata hukisimulia akiwa anatazama pembeni.

Agosti mwaka jana Benadetha alijaza mifuko mitatu, chakula cha watu wawili kwa mwaka, akaifunga kwa kamba ya katani. Oktoba akaondoka. Novemba binti yao Vailet, ambaye ndoa yake kule Katesh ilikuwa imevunjika, alirudi nyumbani na watoto wawili. Nyumba ikawa ya midomo minne. Mfuko wa kwanza ukaenda upesi, ikabaki miwili.

Na kila asubuhi tangu msiba, Pantaleo alikuwa akiifungua yote miwili.

"Mahindi yale aliyachambua yeye. Punje kwa punje, kwenye ungo, amekaa hapo mlangoni," anasema. "Ndiyo kazi ya mwisho ya mikono yake. Nilikuwa naingiza mkono tu, nasikia yalivyo baridi, nafunga, naenda kazini. Nilikuwa nafunga vizuri! Mimi si mtoto wa jana kwenye kufunga."

Alifanya hivyo kwa siku zaidi ya mia moja. Kila siku hewa iliingia, na mdudu aliyekuwa anakaribia kufa ndani akapumua tena.

Vailet ndiye aliyemsomea karatasi ya mlangoni, jioni ya siku ile ile ya vumbi. Ilikuwa imebandikwa usawa wa macho ya Pantaleo miezi yote hiyo. Maandishi yake ni madogo, na Pantaleo aliishia darasa la nne.

"Mstari wa tano, Baba," Vailet alisema. "Usifungue mfuko mpaka siku ya kuutumia."

Baba yake akasema, "Soma tena." Vailet akasoma tena.

"Walimfundisha marehemu, wakamwacha aliye hai," anasema Pantaleo sasa, na hasira inarudi ikiwa mpya kabisa. "Mtu mmoja kila kaya! Walikuwa wanaogopa wali wa mafunzo utaisha? Wangeniita na mimi. Au wangeandika kwa herufi za kuonekana. Bango la mkubwa akipita hapa mjini linaandikwa kwa herufi za mita nzima. Mstari wa chakula cha watu unaandikwa kama nyayo za sisimizi."

Februari alienda kudai mifuko mingine. Kwenye ofisi ya kwanza aliambiwa aende ya pili. Kwenye ya pili kijana alipekua orodha ya waliohudhuria mafunzo, akasema jina lake halimo.

"Aliyehudhuria ni Benadetha. Mwambie aje mwenyewe."

"Yuko makaburini," Pantaleo akamjibu. "Nenda ukamwite, labda wewe atakuitikia."

Hakupewa kitu. Akarudi Nangara kwa miguu, na njiani akanunua kiberiti. Alipokiweka juu ya rafu, anasema, ndipo alipogundua kwamba ametii sheria ya mke wake bila kukusudia. Siku iliyofuata akaleta chumvi ya pakiti.

Tangu hapo stoo inajengwa upya, kidogo kidogo, na mtu ambaye hakuwahi kujua bei ya kitunguu. Alimfuata Rehani, mfanyabiashara wa nafaka ambaye magunia yake ndiyo mengi anayoshona.

"Shikamoo, Mzee Pantaleo."

"Marahaba. Rehani, kuanzia leo usinilipe hela. Kwa kila magunia kumi nipe kisado cha mahindi."

"Mzee, kisado saa hizi ni zaidi ya elfu mbili!"

"Ndiyo maana nakitaka."

Rehani alicheka, akakubali. Anasema asingeweza kumkatalia mtu anayefanya biashara vizuri kuliko yeye. Dagaa Pantaleo anawapata kwa Anifa, jirani yake wa meza, ambaye sokoni wanamwita Mama Mudy. Anamshonea mifuko yake iliyopasuka, naye anampimia bakuli. Mboga za kukausha ni kazi ya Vailet. Nusu eka wanayolima nyuma ya nyumba ina mahindi na mbaazi, na mahindi yamefika kiunoni.

Ndoo ya bluu imerudi mahali pake. Kila kisado kikiingia, Pantaleo anatoa ngumi tatu. Ngumi zake ni kubwa kuliko za marehemu, na Vailet humlalamikia kwamba Februari ya safari hii itanenepa wakati watoto wanakonda.

Hapo ndipo penye ugomvi wa nyumba hii, kwa sababu chakula kingine kipo.

Siku ile ya Januari, Pantaleo alipovuta nje mifuko iliyoharibika, aliona kitu kwenye kona, nyuma ya madumu, kimefunikwa gunia kuukuu. Ulikuwa mfuko wa nne. Haukufungwa kwa katani. Ulifungwa kwa kipande cha kitenge cha bluu, kile ambacho Benadetha alikivaa hadi kikachanika. Aliubonyeza, ulikuwa mgumu kama jiwe. Akaweka sikio. Kimya.

"Miaka yote tunaweka mitatu," anasema. "Huu sikuubeba mimi, sikuujua. Ningeujua ningeufungua."

Alipomuuliza Rehani, Rehani alikuna kichwa. Ndiyo, Mama Vailet alikuwa akichukua kisado kimoja kila Ijumaa, kisado kingine katikati ya wiki akipata, tangu mwanzo wa mwaka jana. Na alimwomba asimwambie Baba Vailet. "Mimi nilijua ni mambo ya wanawake, mzee. Lakini kama unauza, hayo ni mahindi safi ya mwaka jana. Nitakupa bei nzuri."

"Hauuzwi."

"Basi ule."

"Hauliwi."

"Sasa wewe unafuga gunia!"

Kila mtu ana jibu lake. Vailet anaamini mama yake alimwekea yeye, kwamba aliisoma ile ndoa kwenye simu, kwenye sauti tu, akajua binti atarudi na watoto. Anifa anasema hapana, Benadetha alimwambia mara nyingi kwamba nyumba ya watu wazima lazima iwe na gunia la msiba, la kupikia waombolezaji. Pantaleo anauliza, kama ni hivyo, mbona msiba ulikuja wakachangiwa chakula na majirani, na mwenye gunia amelala sebuleni hakuna anayejua?

"Au," Anifa alimwambia siku moja, akiendelea kupima dagaa, "alikujua wewe na mikono yako, Baba Vailet. Akaficha moja."

Pantaleo alishona mfuko wake wa dagaa, akasahau kufunga fundo, ikabidi aanze upya.

Mavuno yako mbali bado, Julai mwishoni kama mvua haitakatika. Anachopanga ni hiki: kujaza mifuko mipya minne, aifunge kama mbuzi, sindano ibaki sokoni, na mkono wake asiuingize hadi siku ya kula. Amemwambia Vailet aandike mstari wa tano upya kwa mkaa, ukutani, kwa herufi kubwa kama za bango la mkubwa. Umeshaandikwa. Anausoma kila asubuhi, polepole, akiufuata kwa kidole.

Jumatatu wiki hii hapakuwa na gunia hata moja la kushona, na jana yake lilikuwa moja. Watoto walikula makande mepesi mchana. Saa kumi jioni Vailet alisimama kwenye mlango wa stoo na sufuria tupu mkononi.

"Baba, tufungue. Yamewekwa yaliwe."

"Na nani?"

"Na sisi. Sisi si watu?"

Pantaleo alipita, akasogeza madumu, akachuchumaa mbele ya mfuko wa nne. Akashika fundo la kitenge. Ni fundo la mkono wa kushoto, Benadetha alikuwa hivyo, na mshona magunia wa miaka ishirini na minane anasema angelitambua hata gizani kati ya mafundo elfu. Hakulivuta, wala hakuliachia. Mvua ilikuwa inaanza kugonga bati, Vailet amesimama nyuma yake, na watoto wamekuja kuchungulia chini ya mkono wa mama yao.

"Mama Vailet," alisema, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemuuliza aliye jikoni, "huu ulimfungia nani?"