Programu ya Kupanga Fonti za Shemeji

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, kazi yake ni kubuni vitu vya kuchapishwa: kadi, mabango, lebo za chupa. Ofisi yake ni chumba chetu cha mbele. Kuna meza, kompyuta, printa inayokohoa kabla ya kuanza kazi, na kiti cha wateja ambacho mguu wake mmoja tumeuwekea kadibodi. Mimi hukaa mkekani karibu na mlango na mwanangu mchanga, maana hapo ndipo penye hewa, na ndipo penye vituko.

Shemeji ana ugonjwa wa fonti. Fonti ni lile umbo la herufi, kwamba hizi nene, hizi zimelala, hizi zina mikia. Wenzake wakisimama kutazama gari, yeye anasimama kutazama boksi la dawa ya mbu. Akizipenda herufi zake, lazima azitafute aziweke kwenye kompyuta, na kufuta hajui. Zilikuwa zimejaa mpaka akifungua programu yake ya kuchorea, mimi nabadilisha mtoto nepi, nanyonyesha, namcheulisha, bado inafikiri.

Na kazi ilikuwa imembana. Mama Sabuni, mteja wake wa kwanza, aliyemletea karibu wateja wengine wote, alitaka lebo mpya za sabuni yake ya maji, Povu Tele, kwa herufi zilezile za mwanzo. Chupa yenye lebo ya zamani ilikuwepo mezani. Lakini faili lilikufa pamoja na kompyuta ya zamani, na Shemeji hakukumbuka fonti ile inaitwaje. Mama Sabuni alikuwa amemwambia kwa upole, upole ule wa kutisha, "Nitapita kesho, mwanangu. Kama huna, wale wachapaji wa barabara kubwa wamesema wanazo."

Basi asubuhi ya kesho yake Shemeji akaapa kwamba leo anachagua programu ya kuzipanga fonti zake, iwe isiwe. Alikuwa na tatu za majaribio.

Ya kwanza ilipendeza kama sebule ya watu usiothubutu kukalia makochi yao. Ila kila hatua inataka intaneti, na intaneti yetu huja ikijisikia. Akaitoa.

Ya pili ilikuwa na kitufe cha kuzima fonti bila kuzifuta. Shemeji akafurahi, akachagua zote, akazima, eti aanze na nyumba tupu. Kumbe kazima hata zile ambazo kompyuta yenyewe inazitumia kuongea naye. Kioo chote cha kompyuta kikageuka vijisanduku. Menyu vijisanduku, saa vijisanduku, na katikati mstari mrefu wa vijisanduku ukimngoja.

"Inasemaje?" nikamuuliza.

"Inaniuliza kitu, shem."

"Ijibu basi."

"Niijibu nini? Ndiyo ni kisanduku, hapana ni kisanduku."

Nilicheka mpaka mtoto akaachia titi anitazame. Shemeji akafumba jicho moja, akabonyeza cha kushoto, na kwa bahati tu maneno yakarudi.

Ya tatu haikuwa na sura. Kijivu tupu. Lakini unaandika neno lako juu, nayo inakuonyesha neno hilohilo kwa kila fonti uliyo nayo, mstari chini ya mstari. Na pembeni pana nafasi ya kuipa kila fonti jina la utani unalotaka mwenyewe. Hapo Shemeji akasogeza kiti. Majina ya kigeni ya fonti hayamkai kichwani. Kwake kila fonti ni mtu.

Akaandika Povu Tele, mistari ikamwagika.

"Huyu mnene wa duara?" akauliza.

"Shangazi Ameshiba."

Akaandika. "Na huyu mwembamba, kainama?"

"Kaka yako Akitafuta Soksi."

"Huyu mwenye mikia?"

Nikamtazama. P imerusha mkia mpaka chini ya v, l imenyoosha shingo, e imebana midomo. "Mama Sabuni Akikasirika," nikasema. Shemeji akaandika huku machozi yakimtoka.

Tukawa kama tumelewa. Jirani Kanunua Viatu. Mwalimu Ana Njaa. Mtoto Hataki Kulala. Hata tulichokuwa tunakitafuta tulikisahau, mpaka tuliposikia hodi.

Mama Sabuni akaitikia shikamoo zetu, akaketi. "Umezipata?"

Shemeji akainua chupa, akaisogeza kwenye kioo, akaanza kushuka mstari mmoja mmoja. Shangazi Ameshiba, siye. Mwalimu Ana Njaa, siye. Mara akasimama. "Hizi hapa, mama." Kweli, zilikuwa zilezile, mpaka kitumbo cha P. Nikashusha pumzi.

Lakini Mama Sabuni hakuwa anatazama hapo. Alikuwa anasoma jina lililo pembeni mwa mstari wa chini yake.

"Mama Sabuni Akikasirika," akasoma polepole.

"Hiyo ni programu tu, mama," akasema Shemeji.

"Programu inanijulia wapi?"

"Jina nimelitoa mimi, mama," nikasema. "Nisamehe."

Akanigeukia, akarudi kwenye kioo. "Kwa hiyo mimi nikikasirika nina mkia hivi?"

"Kidogo," akajibu Shemeji, na nikatamani kumziba mdomo kwa nepi.

Mabega ya Mama Sabuni yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kile kicheko cha ndani kinachokataa kutoka. "Hebu zikuze," akasema. Povu Tele ikajaa kioo, mkia umerushwa. Akalinganisha na chupa. "Za zamani zinaonekana kama zimetoka kulala. Weka hizi. Mtu akiziona dukani ajue mwenyewe yupo."

"Na wale wa barabara kubwa?"

"Wale wananiita mteja."

Shemeji akaitazama ile programu ya kijivu kama mchumba. Hakujiuliza tena achague ipi.

Mama Sabuni hakuondoka. Alimchukua mtoto, akampakata, akavuta kiti mpaka magoti yakagusa meza, kisha akanyoosha kidole kwenye fonti moja iliyolala chali, herufi zake zimeachana mbalimbali.

"Huyu hana jina bado," akasema. "Andika: Mume Wangu Amesema Yuko Njiani."