Shingo ya Mchuma Kahawa wa Soweto

Saa mbili asubuhi, Sirili Mtui yuko juu ya ngazi, anamkata mwanamke shingo. Anakata polepole, kwa tindo na nyundo ndogo. Mwanamke ni wa saruji, anachuma kahawa, na hii ni wiki yake ya pili kusimama kwenye kiwanja karibu na soko la Soweto, mjini Moshi.

"Fundi, amekukosea nini?" anauliza Anyesi, muuza ndizi. Wenzake wanacheka.

"Yeye hana kosa. Mwenye kosa ni mimi."

Na kosa lenyewe si dogo. Sirili, miaka arobaini na sita, mzaliwa wa Marangu, alimwelekeza mama huyo barabarani ili wapita njia wamwone uso. Akasahau kwamba nyuma ya sanamu ni Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Kwa Wachagga, upande wa Kibo ndio upande wa heshima. Hata wazee wakifa huzikwa wakielekezwa huko.

Aliyeona kwanza ni shangazi yake, Dafroza, aliyeshuka sokoni kutoka mlimani na mkungu wake wa ndizi.

"Nikamwamkia shikamoo, hakuitika," anasema Sirili. "Akaniuliza, 'Wewe Sirili, umezaliwa wapi? Huyu mama amekosana na nani kule juu hata akaupa mlima mgongo?'"

Habari ikapanda mlimani kabla ya jioni. Wazee wakalalamika, na kamati iliyoagiza sanamu ikampa Sirili mpaka Jumamosi: wazee waridhike, la sivyo inavunjwa.

Kuigeuza yote haiwezekani. Nondo zimezama mita nzima kwenye msingi. Basi ameamua kugeuza kichwa peke yake. Amebakiwa na nusu mfuko wa saruji, na mwaka huu wa 1977 saruji ni ya kibali. Kichwa kikianguka, hakuna cha kurudia. Miezi mitano ya kazi itakuwa imekwenda bure.

Mtu akishuka stesheni akatembea kuelekea hospitali ya Mawenzi, atapita kazi za Sirili bila kujua: simba wa shule mwenye sikio moja, tai juu ya bucha, Bikira Maria uani kwa masista. Jina lake halikuandikwa popote. Chakula chake kinatoka kwenye misalaba ya makaburi, shilingi sitini kila mmoja.

"Marehemu hawabishi," anasema. "Huyu ndiye wa kwanza kuniletea maneno."

Saa tano, nondo ya shingo iko wazi. Mkewe, Leonia, amekifunga kichwa kwa gunia na ameshika kamba.

"Vuta, mama. Kidogo. Kidogo nimesema!"

"Nikivuta kidogo hakisogei!"

Chuma kinalia. Kichwa kinageuka, kinakwama, kinageuka tena. Sokoni hakuna anayeuza. Kidevu kinafika begani, macho yanatazama juu, upande wa Kibo, na Sirili anashindilia saruji mbichi kwa vidole, haraka haraka.

Dafroza, aliyekuja kusimamia mwenyewe, anaizunguka sanamu mara mbili.

"Mikono iko kazini, macho yako nyumbani," anasema. "Hapo mimi sina ugomvi naye. Hao wazee niachieni."

Kamba haitafunguliwa mpaka Jumamosi. Shingo ikishika, Sirili anataka kuomba kibali cha mifuko kumi, amfanyie mama huyo mume mwenye jembe.

"Huyo naye utamweka anatazama wapi?" Anyesi anauliza.

"Kabla sijachimba msingi," anajibu fundi, akiosha mwiko, "nitakuja kuwauliza ninyi."